Mmoja Polisi, mwingine Zimamoto: wanangu wakionewa kazini, watasemewa na nani?

Mzee wa Nansio ameandika:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Nansio, Ukerewe. Kabla ya kustaafu nilikuwa mwakilishi wa chama cha walimu shuleni kwangu kwa miaka mingi, kwa hiyo mambo ya barua za kujieleza, likizo zilizocheleweshwa na madai ya malimbikizo ya mishahara si mageni kwangu. Mwezi uliopita wanangu wawili waliitwa kazini, binti katika Jeshi la Polisi na kaka yake katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Tumemshukuru Mungu, majirani wamekuja kutupongeza, na mama yao amechinja. Lakini usiku ule walipokuwa wakipanga nguo katika masanduku yao ya bati, kijana aliinua kichwa akaniuliza: “Baba, wewe ukionewa ulikuwa unakwenda chama cha walimu. Sisi tutakwenda wapi?” Nilikosa jibu, nikajifanya natafuta kufuli la sanduku.

Swali langu lina pande mbili. Kwanza, askari wa majeshi haya mawili ana haki gani kama mtumishi: je, anaweza kujiunga na chama, anaweza kukata rufaa akiadhibiwa, na anaweza kukataa amri inayohatarisha maisha yake au inayomtuma kuvunja sheria? Pili, wao wenyewe watawajibika kwa nani? Nauliza hili la pili nikiwa mtu wa visiwani. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikiwa kimebakiza hatua chache kufika gati la Ukara, tulizika watu zaidi ya 220, na tangu siku hiyo neno “uokoaji” katika jina la jeshi analokwenda kijana wangu silisomi kama pambo.

Naomba majibu ya wenye ujuzi. Sina nia ya kulisema vibaya jeshi lolote.

Wakili wa Nyamagana amejibu:

Shikamoo Mwalimu, na hongera kwa vijana.

Watu wengi huyaweka majeshi haya katika kapu moja kwa sababu yote yana sare, vyeo na saluti, na yote yako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kisheria hayafanani kama watu wanavyodhani. Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa, kisha inaeleza kwamba mwanajeshi ni askari wa Jeshi la Ulinzi, Polisi, Magereza au Jeshi la Kujenga Taifa. Zimamoto haimo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo, ilipotungwa, iliyaweka kando makundi hayo hayo manne, na Zimamoto haikutajwa miongoni mwao. Zaidi ya hapo, kifungu cha 77 cha sheria hiyo kinaihesabu huduma ya zimamoto kuwa huduma muhimu ambayo watumishi wake hawaruhusiwi kugoma, na mimi husoma kifungu hicho hivi: mtunga sheria asingehangaika kumkataza mgomo mtu ambaye sheria yenyewe haimhusu.

Sababu mojawapo ni ya kihistoria. Kabla ya Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya 2007, vikosi vya zimamoto vilikuwa chini ya halmashauri, na mzima moto alikuwa mtumishi wa halmashauri kama afisa afya au fundi wa barabara. Sheria ile ndiyo iliyoleta jeshi moja la taifa, na pamoja nalo nidhamu ya kijeshi. Hata Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2000, unaiachia kila nchi iamue kuhusu vyama vya wafanyakazi kwa majeshi ya ulinzi na polisi. Wazima moto hawakuwekwa katika msamaha huo.

Sasa nimjibu kijana moja kwa moja. Hoja ya kudai haki ya kujiunga na chama anayo, lakini asiende depo akiitangaza siku ya kwanza, kwa maana hoja nzuri ya mahakamani ni kitu kimoja na maisha ya gwaride ni kitu kingine. Dada yake hana njia hiyo. Hata hivyo hakuachwa mtupu, kwa sababu sheria hiyo hiyo ya 2004 inasema wazi kwamba vifungu vya 5, 6 na 7, vinavyohusu utumikishwaji wa watoto, kazi za kulazimishwa na ubaguzi, vinawahusu hata askari wa majeshi yaliyowekwa kando, na unyanyasaji wa kijinsia umo ndani ya kifungu cha 7. Mkubwa wake akimdai mwili ili ampe likizo au uhamisho, hilo ni kosa la rushwa ya ngono chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na cheo cha mkubwa huyo hakimkingi.

Kuhusu adhabu, wote wawili wana haki ya kusikilizwa na kukata rufaa kwa mujibu wa Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba. Njia ni ngazi za ndani kwanza, kisha Mahakama Kuu kwa maombi ya mapitio, yaani kuiomba mahakama ikague kama uamuzi ulifuata sheria. Hapo zingatia neno moja: kibali cha kuomba mapitio kinatakiwa kuombwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi ulipotolewa. Nimewahi kumpokea ofisini askari aliyekuja na machozi na hoja nzuri kabisa, lakini bila barua yoyote yenye tarehe, na kwa hesabu ya kumbukumbu zake mwenyewe alikuwa amechelewa.

Inspekta Mstaafu, Igoma amejibu:

Mwalimu, mimi nimetumikia Polisi na nimestaafu salama, kwa hiyo nitajibu kipengele cha amri peke yake.

Askari anatii amri halali. Neno “halali” ndilo ambalo vijana hulisikia depo na kulisahau kituoni. Afande akikuamuru kusimama lindo usiku kucha mvua inanyesha, utasimama, hata kama unaona umeonewa, na malalamiko yako utayapeleka asubuhi kwa utaratibu. Afande akikuamuru umpige mtuhumiwa ili akiri, hiyo si amri. Ni mwaliko wa kwenda naye jela, na mara nyingi yeye hatakwenda. Mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, Iringa, mwezi Septemba 2012, mbele ya askari wengi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu mtu mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia, naye alikuwa konstebo. Mwambie binti yako alitafakari hilo taratibu.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa mpelelezi saa 4 za msingi za kumhoji mtuhumiwa aliye chini ya ulinzi, zinazoweza kuongezwa kwa masharti, na inataka mtuhumiwa huyo afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au mara tu itakapowezekana. Saa hizo zinahesabiwa kwa kitabu cha matukio pale kaunta. Askari wa zamu anayepokea mtuhumiwa mwenye uvimbe usoni na asiandike kwamba amempokea akiwa hivyo, amekubali kuurithi uvimbe huo. Mimi nilikuwa nasimamisha makabidhiano ya zamu hadi wenzangu wakanuna, nikihesabu vichwa mahabusu na kuandika nani ana jeraha, wapi, na amesema amelipataje. Waliniita “Karani”. Jina hilo sikulichukia.

Kwa hiyo binti akipewa amri yenye harufu mbaya, aombe kwa heshima zote irudiwe mbele ya askari mwingine, au iandikwe. Amri nyingi mbovu hufa hapo hapo, kwa kuwa aliyeitoa hataki kuiona kwenye karatasi.

Binti wa 114 amejibu:

Shikamoo Baba. Nimefurahi kuona mzazi anauliza mapema, maana wengi huuliza wakiwa wodini.

Mimi ni mzima moto. Nilianzia katika kikosi cha ndani cha kampuni moja binafsi ambayo sitaitaja, na huko ndiko nilikojifunza kwa uchungu. Mtungi wa hewa tunaobeba mgongoni ukijaa husoma takriban baa 300 (baa ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), na hewa ikipungua hadi karibu baa 50 filimbi hulia ili utoke. Kulikuwa na mtungi mmoja ambao mshale wake uliganda. Uwe umejaa au uko mtupu, ulisoma mahali pale pale. Nilimwambia msimamizi kwa mdomo mara mbili, akaniambia “tutashughulikia”. Siku ya moto wa ghala mwenzangu aliuvaa ule ule, akatoka akitambaa, na uchunguzi ulipofanyika msimamizi aliapa kwamba hakuwahi kuambiwa. Sikuwa na hata mstari mmoja wa kuthibitisha, kwa kuwa daftari la ukaguzi wa vifaa la wiki ile lilikuwa na alama za vema tupu, na mbili kati ya hizo nilizitia mimi mwenyewe kwa mazoea.

Kwa hiyo mdogo wangu huyo afahamu kwamba haki yake ya kwanza na wajibu wake wa kwanza viko katika daftari lile lile. Asitie alama ya vema kwa kifaa ambacho hakukigusa. Kukataa kuingia ndani ya moshi bila hewa si woga, kwa sababu mzima moto akianguka ndani anageuka mtu wa ziada wa kuokolewa. Lakini “nilikataa kwa sababu mtungi ulikuwa mbovu” ni utetezi kama ubovu uliandikwa asubuhi. Ukitajwa jioni baada ya nyumba kuungua, utaitwa kisingizio.

Kuhusu kuwajibika kwa raia, kuna lawama moja ambayo nitaisemea kidogo, nayo ni ile ya “gari limekuja bila maji”. Gari lenye lita 5,000, likimwaga lita 1,000 kwa dakika, limekwisha kwa dakika 5, na anayefika dakika ya sita akikuta mpira umelegea ataapa kwamba tulikuja watupu. Hapa Mwanza mtu anayeishi juu kwenye mawe ya Mabatini au Bugarika anajua kwamba hata pikipiki hupumua kabla ya kufika. Gari letu linabaki barabarani, nasi tunapanda na mipira mabegani kati ya majabali, huku kila kipande cha kupanda kikipunguza nguvu ya maji juu. Na koki ya maji ya zimamoto iliyo karibu, mara nyingine juu yake pana kibanda cha chipsi. Sisemi hivi kukwepa lawama. Nasema raia wakitaka kutuhoji, wahoji pia ukaguzi wa kinga na tahadhari ya moto katika majengo, ni nani aliyekagua, lini, na ni nani aliyeruhusu kibanda kile.

Mvuvi wa Kayenze amejibu:

Wakubwa, shikamooni. Mmeongea ya moto, mimi niseme ya maji. Ndege ilipoangukia ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao, na mmoja wao akaja kuajiriwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Lilikuwa jambo la heshima. Lakini mimi naona swali la kumuuliza mwokoaji wa ziwani halihusu ushujaa, linahusu boti: iko wapi leo, ina mafuta, na nani ana ufunguo wake saa nane za usiku? Kijana wa Mwalimu akipangiwa kando ya ziwa, aanze na hilo la ufunguo.

Mzee wa Nansio ameandika:

Marahaba wote, nimesoma neno kwa neno. Wakili, nimebaki na jambo moja. Raia akikosewa na askari, na akaogopa kwenda kulalamika kituo kile kile, aende wapi?

Wakili wa Nyamagana amejibu:

Mwalimu, halazimiki kurudi kituo kile kile. Anaweza kumwandikia kamanda wa mkoa, na anaweza kupeleka lalamiko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo hupokea malalamiko dhidi ya watumishi wa umma bila kumtaka awe na wakili. Akitaka kuidai Serikali fidia mahakamani, lazima atoe notisi ya siku 90 kwanza. Maneno yake yasiwe “polisi walinipiga”; yawe tarehe, saa, mahali, namba ya askari kama aliiona, na nakala ya PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa, kama alitibiwa. Fomu hiyo hutolewa na polisi hao hao, najua, na ni jambo la kuudhi. Akinyimwa, aandike kwamba alinyimwa, na nani, na saa ngapi.

Mimi mwenyewe ningependa tuwe na chombo huru cha kupokea malalamiko dhidi ya polisi pekee, kilicho nje ya jeshi kabisa. Kitamlinda raia, lakini pia kitamlinda binti yako siku atakaposingiziwa, kwa sababu uamuzi wa mtu wa nje kwamba hana kosa utaaminika mitaani kuliko ule wa afande wake.

Mzee wa Nansio ameandika:

Ahsanteni sana. Vijana wanaondoka na meli ya Ijumaa asubuhi kwenda Mwanza mjini. Nimetoka dukani sasa hivi, nimenunua madaftari mawili makubwa ya kaunta, nikayaweka juu ya nguo kabla ya kufunga masanduku. Binti ameniuliza ni ya nini, nikamwambia asome majibu ya Karani.