Duka limegoma kuniuzia dawa ya kuku bila cheti cha daktari, nifanyeje?

MamaVifaranga (Ilomba, Mbeya): Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Nafuga chotara nyuma ya nyumba. Tangu baridi ianze wanakoroma, wengine wamevimba uso. Nimeenda duka la dawa za mifugo ninalonunua siku zote, kijana ananiambia unga wa oksitetrasaiklini, ile antibiotiki ya kuku, hatoi tena mpaka nilete cheti cha daktari wa mifugo. Daktari mwenyewe ukimwita anataka hela ya bodaboda na ada yake juu, na kuku mmoja nauza shilingi ngapi? Naomba kujua kama Mwanjelwa au Uyole kuna duka bado wanauza bila masharti. Watoto wanasoma kwa hawa kuku.

KuchiWaTukuyu: Pole sana mama. Huku Rungwe jirani yangu aliwamiminia kuku dawa ya unga na bado mdondo ukafagia banda zima. Mdondo ni kirusi, antibiotiki haiugusi. Mimi nawachanja I-2, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Chanjo hiyo inavumilia joto, hata asiye na friji...

MamaVifaranga: Nimechanja ndugu yangu. Nimeulizia duka.

MzeeWaMakete: Sisi tulikua na mshubiri na pilipili kichaa kwenye maji ya kuku. Siku hizi kuku akipiga chafya tu mtu anakimbilia dukani. Tumekuwa wavivu.

DaktariWaShamba: Mama, kabla sijasema lolote: hao kuku wanataga? Mayai yanaenda wapi? Na dawa ulianza kuwapa lini?

MamaVifaranga: Wanataga. Mayai ni ya biashara.

BintiMufindi: Biashara gani, dada? Umeulizwa maswali matatu, umejibu moja na nusu.

MamaVifaranga: Namuuzia kijana wa chipsi pale stendi. Dawa nawapa kila wiki tangu vifaranga, kijiko cha chai kwenye ndoo ya maji, ndiyo kinga yao. Duka lilipogoma nikafungua vidonge vya rangi mbili vilivyobaki nyumbani nikawachanganyia. Msinihukumu. Mayai yanakaangwa, moto unaua kila kitu. Na konda wa Tunduma ananiletea kopo zima, hela nimeshampa.

DaktariWaShamba: Moto unaua vijidudu. Dawa iliyoingia kwenye yai si kijidudu, huwezi kutegemea kikaango kiiondoe. Ndiyo maana kibandiko huandikwa siku za kusubiri kabla ya kuuza mayai, na baadhi ya hizo dawa zimeandikwa kabisa zisipewe kuku wa mayai. Rangi mbili ya binadamu haina maelekezo yoyote ya kuku wala ya yai.

Kijiko cha kila wiki kinanisumbua zaidi. Dozi ndogo isiyokoma inaua bakteria dhaifu na kuwaacha sugu wazaane. Fleming, aliyegundua penisilini, alilionya hilo mwaka 1945 alipopokea Nobel. Dawa za ukoo huohuo tunawapa watu, hata wagonjwa wa kipindupindu. Marekani walifunga mlango tarehe 11 Juni 2023: antibiotiki zote za mifugo zinazotegemewa na binadamu hazitoki bila cheti. Wenye kuku wa nyuma ya nyumba walilalamika kama wewe, kwamba daktari wa kuku hapatikani. Malalamiko hayo nayaheshimu. Ila kwetu pia cheti hakikuanza jana. Kilichobadilika ni muuzaji wako kukiuliza.

MwanjelwaOriginal: Uzi wa kutunga huu. Duka gani Mbeya linakataa hela? Mara konda, mara kopo la Tunduma. Subirini, kesho anaibuka mtu: "ninalo, nicheki pembeni." Hilo ni tangazo la magendo.

KuchiWaTukuyu: Au afisa anatutega. Mimi nafuta la kwangu.

MamaVifaranga: Njoo Ilomba uone kwa macho yako. Kuna tetea jekundu, jicho la kushoto limeziba, ukilipanua linatoka usaha mzito wa njano, na harufu yake inafika jikoni. Asubuhi anapapasa pumba kwa mdomo hazioni. Hilo nalo nimetunga?

DaktariWaShamba: Mtu wa kutunga asingeitaja hiyo harufu. Uso kuvimba, usaha unaonuka, msimu wa baridi: nashuku mafua makali ya kuku, koraiza. Hiyo ni bakteria, dawa sahihi kwa dozi kamili inasaidia, ila aliyepona anabaki na ugonjwa mwilini na kuwaambukiza wageni. Banda umelizibaje?

MamaVifaranga: Turubai pande zote. Baridi ya huku unaijua.

DaktariWaShamba: Basi wanavuta hewa ya kinyesi usiku kucha. Acha wazi juu, karibu na paa, ziba chini. Wanaokoroma watenge leo, na vyombo vyao vya maji.

BintiMufindi: Mimi nalitetea katazo, lakini katazo lisilo na daktari karibu linampeleka mtu kwa konda, na konda haulizi chochote. Hapo Ilomba wafugaji hamkosekani. Jichangeni mumwite daktari siku moja apite mabanda yote, ada mgawane.

MamaVifaranga: Hilo nalikubali. Lakini kopo linafika kesho na hela hairudi.

DaktariWaShamba: Likifika lisifunguliwe. Asubuhi mpeleke lile jekundu likiwa hai kwa daktari wa mifugo, pamoja na mwingine anayeanza kukoroma ambaye hajanywa rangi mbili, kama yupo. Akiona haja, yeye atatuma sampuli maabara ya veterinari Iringa. Na kijana wa chipsi mpigie usiku huu.

MamaVifaranga: Nimwambie nini? Ananitegemea kwa trei za kila siku.

BintiMufindi: Mwambie hakuna mayai mpaka daktari aseme. Na ya leo, kama hajayakaanga, akurudishie.