Naombeni msaada: natafuta ukoo wa marehemu mume wangu huko Meksiko

MamaDiego_Kihesa:
Kamwene wadau, na shikamoo kwa wakubwa. Niko Iringa, Kihesa. Marehemu mume wangu alikuwa Mmeksiko, mtu wa jimbo la Jalisco, alikuja huku kwenye kazi za maji vijijini tukaoana na tukaishi hapa hapa mpaka Mungu alipomchukua. Kijana wetu sasa yuko kidato cha pili na ameanza kuuliza, tena anauliza kwa uchungu, maana upande wangu babu yake akimkalisha anamhesabia ukoo wetu wa Kihehe mpaka juu kabisa, ila upande wa baba yake ana jina la bibi tu na picha moja. Na huyo bibi naye alishatangulia. Nilichonacho ni cheti cha kuzaliwa cha mume wangu, juu kimeandikwa Acta de Nacimiento, manispaa ya Arandas, halafu kuna namba nyingi sielewi ni za nini. Nasikia wenzetu vitabu vyao vya zamani viko kwenye intaneti, ni kweli? Mtu akiwa Iringa na simu na bando la kawaida anaweza kufika kwa babu wa babu? Kihispania naongea kile cha nyumbani, maandishi ya zamani siyawezi. Nielekezeni jamani, mtoto huyu nataka awe na pande zote mbili.

Mdau_wa_Uyole:
Pole sana dada kwa msiba. Inawezekana kabisa na wewe umeshashika mwanzo mzuri, wengi wanaanza hawana hata jina la manispaa, na Meksiko bila manispaa umepotea kwa sababu usajili wa raia kule unafanyika kwa manispaa, kila moja na vitabu vyake, cha vizazi, cha ndoa na cha vifo.

Hizo namba usizidharau. Ni mwaka, namba ya ofisi (oficialía), namba ya kitabu (libro) na namba ya acta yenyewe, ndiyo hiyo kumbukumbu iliyoandikwa kitabuni, yaani zinakupeleka moja kwa moja kwenye ukurasa. Sasa angalia cheti chako ni cha aina gani. Kama ni kile kipya cha kompyuta kinaonyesha wazazi tu, kama hivi vyetu vya RITA. Ila kama ni fotokopi ya ukurasa wa kitabu chenyewe kuna utajiri mkubwa humo, mara nyingi wanataja babu na bibi pande zote mbili. Tafuta palipoandikwa abuelos paternos, hao ni wazazi wa baba, na abuelos maternos, wazazi wa mama. Karatasi moja vizazi vitatu!

Vitabu vyenyewe vinatokana na sheria ya Julai 28, 1859, serikali ya Benito Juárez ikiwa Veracruz katikati ya vita, ndipo dola ilipochukua kazi ya kuandika vizazi, ndoa na vifo iliyokuwa mikononi mwa Kanisa. Lakini wakaja Wafaransa, wakamweka Maximilian kuwa mfalme, nchi ikavurugika, kwa hiyo sehemu nyingi usajili ulikaa sawa baada ya Maximilian kuuawa 1867. Kabla ya hapo unategemea vitabu vya parokia.

Picha za vitabu zimejaa kwenye tovuti ya kutafuta koo inayoitwa FamilySearch, bure, unafungua akaunti tu. Baadhi zinagoma kufunguka nyumbani, zinataka uende kwenye vituo vyao, usikate tamaa ukikutana na hilo. Nenda kwa ngazi, kutoka mume wako kwenda juu, usirukie babu wa babu. Na mimi ngazi ninayoipenda kuliko zote ni acta ya ndoa, kwa sababu ina umri wa bwana na bibi harusi, walikozaliwa, na majina ya wazazi wa wote wawili. Umri unakupa mwaka wa kukisia, unaingia kitabu cha vizazi unatafuta miaka michache mbele na nyuma, ukimpata huyo unatafuta ndoa ya wazazi wake, unaendelea hivyo hivyo.

binti_Tukuyu:
Dada pole. Mimi nimesoma Kihispania na hizi karatasi nazipenda sana, naongezea kwenye kusoma.

Majina: mtu ana majina mawili ya ukoo, la kwanza la baba la pili la mama. Anayeitwa López Hernández, baba yake ni López, mama yake Hernández. Na mwanamke akiolewa habadilishi, kwa hiyo mama mkwe wako hata kwenye acta ya kifo yuko kwa jina la kwao, usimtafute kwa jina la mumewe. Ukirudi karne ya 19 utakuta wengi wameandikwa jina moja tu la ukoo, hapo ndipo majina ya wazazi na kijiji yanapokuokoa maana akina López ni wengi mno.

Tahajia haikuwa na sheria. Jiménez, Giménez, Ximénez ni watu wale wale, b na v zinabadilishana, s na z pia. Vifupisho vipo kila mstari, Ma. ni María, Hdez. ni Hernández, Glez. ni González. Tarehe zinaandikwa kwa maneno, mil ochocientos noventa y dos ndiyo 1892. Halafu angalia sana hapa, tarehe ya juu ni siku mtoto alipopelekwa ofisini, siku ya kuzaliwa iko katikati ya maelezo baada ya neno nació, na kati ya hizo mbili zinaweza kupita wiki au miezi.

Na ukikuta mtoto ameandikwa hijo natural, yaani wazazi hawana ndoa, usishtuke wala usimfiche kijana. Dola ilitambua ndoa ya serikali tu, kwa hiyo waliofunga kanisani peke yake, na walikuwa wengi, kwenye kitabu cha serikali watoto wao waliandikwa hivyo ingawa kijijini kila mtu anajua ni mke na mume. Pia soma pembeni mwa ukurasa, huko wanaandika baadaye mambo kama ndoa, masahihisho ya jina au baba kumtambua mtoto.

Ukitafuta jina kwenye kisanduku likakosekana usiseme hayupo. Ile faharasa, yaani orodha ya majina, imetengenezwa na watu na mashine zinazosoma mwandiko mbaya. Fungua picha, pitia ukurasa kwa ukurasa. Inachosha lakini ndivyo watu wanavyopatikana.

Mzee_Makambako:
Poleni mwanangu. Arandas iko Los Altos de Jalisco, na huko ndiko vita vya Wakristero, Wakatoliki walioasi serikali, vilikowaka, 1926 hadi 1929. Maaskofu walisimamisha ibada za hadhara mwisho wa Julai 1926, mapadri wakawa wanabatiza majumbani kwa siri, kwa hiyo vitabu vya parokia vya miaka hiyo vinaweza kuwa na mapengo. Kwa kipindi hicho egemea vya serikali. Kabla ya 1859 rudi parokia.

Huko parokiani mkifika, ombeni mpate faili za maandalizi ya ndoa. Binamu wakitaka kuoana walihitaji ruhusa ya Kanisa, na ili ipatikane ilibidi ukoo uelezwe mpaka pale wanapokutana. Na vitabu vya kabla ya 1822 vinataja aina ya mtu, español (Mhispania), indio (mwenyeji wa asili), mestizo (mchanganyiko wa hao wawili), mulato. Ukikuta mulato huyo ana damu ya Afrika, watu wetu walipelekwa kule utumwani kwa maelfu. Mwambie kijana mapema.

Na ndugu walio hai je? Hakuna shangazi wa kumpigia hata WhatsApp?

MamaDiego_Kihesa:
Marahaba nyingi ziwafikie, asanteni mno, nimelia kidogo. Mzee wangu, shangazi yupo, Diego atamtumia ujumbe leo. Cheti nimekitoa, ni fotokopi ya kitabu, kumbe mababu wapo wote wanne miaka yote hii kwenye kabati! Ila babu mzaa baba baada ya jina lake wameweka "finado". Maana yake nini?

Mdau_wa_Uyole:
Hongera dada! Finado ni marehemu. Kwa hiyo siku mume wako anaandikishwa babu yake alikuwa ameshafariki, na hiyo inakupa ukomo. Ingia vitabu vya vifo vya Arandas, anza na mwaka wa kuzaliwa mume wako urudi nyuma mwaka kwa mwaka. Acta ya kifo inataja umri, mke, na mara nyingi wazazi wa marehemu, hapo utakuwa umefika kizazi cha nne. Kama hayupo Arandas jaribu manispaa za jirani. Ukikwama kwenye mwandiko weka picha ya huo ukurasa hapa, binti Tukuyu atasoma, ila cheti cha mume wako usikiweke hadharani.

binti_Tukuyu:
Weka hata usiku, nipo.