Nitatofautishaje santuri halisi ya soul ya miaka ya 1960 na nakala ya magendo?

Mfuatiliaji45:

Habari zenu wanajamvi.

Ninakusanya santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika za muziki wa soul wa Marekani, hasa zile zilizotolewa na kampuni ndogo kati ya 1964 na 1968, ambazo hazikununuliwa sana zilipotoka na leo zinatafutwa kwa bei kubwa. Sasa ipo moja kwenye mnada wa mtandaoni, ya kampuni ya Los Angeles, ya mwaka 1966. Jina lake sitalitaja kwa kuwa mnada haujafungwa.

Muuzaji anasema ni toleo la kwanza. Lebo imefifia, ina doa la kahawia upande mmoja, na karatasi imechakaa kuzunguka tundu kama inavyokuwa kwa santuri iliyopigwa miaka mingi. Katika picha ya lile eneo laini lililo kati ya mfereji wa mwisho na lebo, ninaona namba ya santuri imechorwa kwa mkono, bila alama nyingine yoyote. Nilipomuuliza imetengenezwa kwa kitu gani, alijibu kwa fahari kwamba ni vinaili nzito. Je, uchakavu huu unatosha kunithibitishia kwamba ni ya zamani kweli? Na kama hautoshi, nianze kutazama wapi kabla sijaweka dau?

Mzee wa Mizunguko:

Ndugu Mfuatiliaji, uchakavu uweke kando kabisa. Nakala nyingi za magendo za soul, yaani zilizofyatuliwa bila idhini ya wenye rekodi, zenyewe sasa zina umri wa nusu karne, zimepigwa, zimemwagiwa vinywaji na zimepita mikono mingi, kwa hiyo uzee wake ni wa kweli ingawa santuri si halisi.

Chanzo chake ni kumbi za dansi za kaskazini mwa Uingereza, kama Twisted Wheel ya Manchester na baadaye Wigan Casino, iliyofunguliwa 1973 na kufungwa 1981. Ma-DJ wa kumbi hizo walishindana kupata santuri ambayo mwenzao hana, na wengine walifunika lebo na kuupa wimbo jina la uongo ili washindani wasijue pa kuutafuta. Wimbo ulipowakolea wachezaji, waliotaka kuununua wakawa wengi kuliko nakala zilizokuwapo, na hapo ndipo wafyatuaji wa magendo walipoona biashara.

Mfano unaojulikana zaidi ni «Do I Love You (Indeed I Do)» wa Frank Wilson, uliotayarishwa 1965 kwa ajili ya Soul, chapa ya rekodi iliyokuwa chini ya Motown, kampuni kubwa ya muziki wa soul ya Marekani. Haukuwahi kuingia madukani wakati huo, na nakala chache mno za promosheni ndizo zilizosalia. Ulipoanza kupigwa Uingereza katika miaka ya 1970, mwimbaji alitangazwa kuwa Eddie Foster, na nakala za magendo zikatoka kwa jina hilo hilo la uongo. Tamla Motown, chapa ya Motown nchini Uingereza, waliutoa rasmi huko mwaka 1979. Nakala moja ya asili iliuzwa kwa zaidi ya pauni 25,000 mwaka 2009, na mwaka 2020 ikauzwa nyingine kwa pauni 100,000. Pesa za namna hiyo zinaeleza kwa nini magendo hayakuisha pamoja na kumbi zile.

Sindano ya Almasi:

Ninaungana na Mzee wa Mizunguko. Mimi huanza kila mara na hilo eneo laini, na ninasikitika kuona jinsi wauzaji wanavyolipiga picha gizani au wasilipige kabisa.

Kampuni ndogo za soul hazikuwa na viwanda vyake. Zilipeleka kanda ya studio kwa fundi wa kuchonga mifereji ya sauti, kisha kazi ikaenda kiwandani kufyatuliwa, na mara nyingi kila mmoja aliacha alama yake kwenye santuri. Kiwanda cha Monarch cha Los Angeles, ambacho kilifyatua santuri nyingi sana za pwani ya magharibi, kilikuwa na muhuri mdogo wa herufi MR ndani ya duara, pamoja na pembetatu ndogo inayofuatwa na namba ya kazi. Namba hizo zilipanda kwa mfululizo, kwa hiyo ukiilinganisha ya kwako na za santuri ambazo tarehe zake zinajulikana, utakadiria vizuri ni lini kazi ile ilipokelewa kiwandani. Kazi za wateja zilizopitia kampuni kubwa ya rekodi ya RCA zina namba ambayo herufi yake ya kwanza ni ya mwaka: R ni 1964, S ni 1965, T ni 1966 na U ni 1967. Zilizopitia Columbia, kampuni nyingine kubwa, mara nyingi huwa na herufi ZTSC mbele ya namba. Kiwanda cha American Record Pressing cha Owosso, Michigan, kilichofyatua santuri nyingi za Motown hadi kilipoungua mwaka 1972, kilipiga muhuri wa ARP.

Sasa mfikirie mfyatuaji wa magendo. Yeye hana kanda ya studio wala mabamba ya chuma ya kiwandani. Kwa kawaida huchukua santuri iliyokwisha kufyatuliwa, huipiga, hurekodi sauti yake, kisha huichonga upya kwenye bamba jingine. Alama za eneo laini haziji pamoja na sauti, kwa hiyo hulazimika kuziandika mwenyewe, na wengi waliishia kukwaruza namba tu na kuiacha mihuri.

Hilo la vinaili nalo linanitia shaka zaidi kuliko namba. Monarch walifyatua santuri ndogo kwa stairini, plastiki ya aina nyingine iliyo ngumu, na stairini haitengenezwi kama vinaili. Huyeyushwa na kusukumwa ndani ya kalibu, na lebo hubandikwa baadaye kwa gundi, ilhali vinaili hugandamizwa pamoja na lebo ndani ya mashine mpaka karatasi ikashikamana na plastiki. Ukiishika santuri ya stairini utaiona nyepesi na kavu, na ukiigonga taratibu kwa ukucha hulia kwa mlio mwembamba. Ya vinaili hutoa mlio mzito uliofifia. Tafadhali usiikunje kuipima, kwa maana stairini haipindi, inavunjika.

Karani wa Lebo:

Ninaheshimu maelezo ya Sindano, lakini ninaomba ndugu yetu asiyachukue kama hukumu. Santuri moja iliweza kufyatuliwa katika viwanda viwili, kimoja kikatumia stairini na kingine vinaili, na zote mbili zikawa halisi. Namba iliyochorwa kwa mkono nayo ni jambo la kawaida kwa kampuni ndogo. Swali la haki ni kama namba *hii* inafanana na ile iliyo kwenye nakala ambayo uhalisi wake haubishaniwi: jinsi 4 ilivyofungwa au kuachwa wazi, jinsi 7 ilivyoinama, nafasi kati ya herufi na namba. Picha za kulinganisha zipo kwenye tovuti za orodha za santuri, Discogs na 45cat. Discogs hairuhusu kuuza nakala zisizo rasmi, lakini huziorodhesha, na kurasa hizo zina faida kubwa kwa mtu anayejifunza.

Mimi huangalia zaidi uchapaji, kwa lenzi ya kukuza mara kumi. Kwenye lebo nyingi za asili, rangi ni wino uliotandazwa bila mapengo, na kingo za herufi ni safi. Lebo iliyopigwa picha kutoka lebo nyingine hujulikana kwa herufi zilizonenepa, matundu ya «a» na «e» yaliyozibika, maandishi madogo ya haki miliki yasiyosomeka vizuri, na pengine rangi iliyoundwa kwa vidoti vingi vidogo. Kamera hainakili lebo peke yake; hunakili pia madoa, mikunjo na hata jina ambalo mwenye santuri wa kwanza aliliandika kwa kalamu. Doa la kweli limezama kwenye karatasi na hubadilisha mng'ao wake mwanga ukipita ubavuni, na wino wa kalamu huacha mfuo mdogo. Doa lililochapwa linang'aa sawasawa na sehemu nyingine za lebo. Kwa hiyo ningelichunguza sana hilo doa lako la kahawia.

Ukibahatika kuisikiliza, fuata mikwaruzo kwa jicho na sikio pamoja. Ukisikia mlio wa mkwaruzo mahali ambapo uso wa santuri ni safi kabisa, huo ni mkwaruzo wa santuri nyingine, ile iliyorekodiwa.

Mfuatiliaji45:

Ninawashukuru sana. Nimemwomba muuzaji picha mpya zenye mwanga wa pembeni, naye amezituma bila ubishi. Nimezilinganisha na nakala inayokubalika kuwa halisi: ile ina pembetatu na namba, ina MR, na ukingo wa lebo yake unaonekana kuwa umebandikwa juu. Hii ya mnadani haina hata kimoja. Kisha nikapekua minada iliyopita na kukuta nakala nyingine iliyouzwa na mtu tofauti, ikiwa na doa la kahawia lenye umbo lile lile, limegusa herufi ile ile ya jina la mtunzi.

Nimejiondoa. Je, inafaa kumweleza muuzaji, au nitaonekana ninaingilia biashara ya mtu? Na kwa anayetaka kuusikiliza wimbo tu kwenye gramafoni, je, kuna njia halali?

Mzee wa Mizunguko:

Mweleze, kwa adabu, na umwekee picha za santuri zote mbili sambamba. Wauzaji wengi wamerithi makasha ya santuri au kuyanunua kwa jumla, na hawajui walichonacho. Akiendelea kuiita toleo la kwanza baada ya kuona, wajulishe wasimamizi wa mnada.

Kuhusu kusikiliza, tafuta marudio yenye leseni. Kent, chapa ya kampuni ya Ace Records ya London, hupata ruhusa kwa wenye rekodi, na mara nyingi hutumia kanda za asili, hivyo sauti yake huipita kwa mbali nakala iliyochongwa kutoka santuri iliyochakaa. Waimbaji na watunzi wa nyimbo hizi wengi wao walipata kidogo sana zilipotoka, na magendo hayakuwalipa hata senti moja. Mimi hilo linaniuma kuliko pesa ya mkusanyaji aliyedanganywa.

Sindano ya Almasi:

Nyongeza moja kwa ajili ya dau lako lijalo. Omba picha za eneo laini la pande *zote mbili*, taa ikiwa imelazwa karibu usawa na santuri, kwa sababu mihuri mingine ni hafifu mno na mwanga wa juu huifuta. Kila upande una namba yake, na kuna wafyatuaji waliojitahidi kuiga upande wenye wimbo unaotafutwa, kisha upande wa pili wakauandika ovyo, au wakaweka muziki mtupu usio na mwimbaji mahali pa wimbo uliokuwapo. Muuzaji akikutumia upande mmoja tu, omba wa pili kabla hujataja bei.