Hivi kila samaki aina ya mola akivuliwa Mtwara lazima aandikwe Mola mola? NIMECHOKA

Wakuu, leo sina salamu ndefu, nimevimba hapa nilipo.

Wiki hii jarife la jamaa wa Msimbati limeingiza mola, lile lisamaki la duara ambalo ukilitazama unadhani kuna mtu kalikata huko nyuma, pezi moja juu moja chini basi. Watu wakajaa, simu juu. Ukurasa mmoja wa habari za huku fasta ukaposti eti nguva wa ajabu kanaswa, nguva wa wapi bwana, nguva ananyonyesha! Haya, hao tuwaache, wanatafuta kiki. Kinachoniuma ni mtaalamu aliyeitwa, tena analipwa mshahara kwa kazi hiyo hiyo, kafika, kamwangalia kidogo na helmeti ya bodaboda bado iko kichwani, kaandika kwenye daftari "Mola mola", huyoo kaondoka. Hajapima, hajagusa kule nyuma, hajakata hata kipande. Namuuliza mkuu umejuaje ni Mola mola, ananijibu "kwani wapo wangapi?"

WAPO WATATU kwenye jenasi ya Mola peke yake bosi wangu! Kuna Mola mola, kuna Mola alexandrini, na kuna Mola tecta ambaye kapewa jina 2017 tu. Hapo sijakutajia ndugu zao, Masturus lanceolatus mwenye kincha kimechomoza kwenye ukingo wa nyuma, na Ranzania laevis yule mwembamba mrefu.

Na tofauti yenyewe iko huko huko nyuma ambako hakuna mtu anapiga picha, watu wote wako kichwani wanapiga selfi. Ukingo wa Mola mola una mawimbi mawimbi, wa alexandrini umezunguka hauna mawimbi, halafu akishakuwa mkubwa anaota nundu juu ya kichwa na nyingine kidevuni. Tecta hana hizo nundu, na ukingo wake umebonyea pale katikati kidogo. Sasa shida inakuja kwa wadogo, nundu bado hazijatoka na wote wanafanana, hapo macho hayatoshi ndo maana watu wanaenda kwenye DNA.

Huyo tecta alijulikana kwenye DNA kabla sura yake haijajulikana. Vipande vya ngozi vilipimwa vikaonyesha kuna mola hafanani na wenzie, mtafiti Marianne Nyegaard akamsaka miaka minne, na vipande vingi alivyoletewa vilikatwa na waangalizi wanaopanda meli za uvuvi, sio maprofesa, ni watu wa kazi tu kama sisi. Na yule wa Japani wa 1996 mwenye kilo 2,300, miaka yote kaandikwa Mola mola, baadae ndo wakaja kusema hapana, ni alexandrini. Hata aliyemzidi, yule wa kilo 2,744 aliyekutwa amekufa huko Azores Desemba 2021, nae alexandrini. Yaani huyo wa Japani, aliyekuwa ndo samaki wa mifupa mzito kuliko wote duniani kabla ya wa Azores, alikaa na jina la mwenzie miaka yote hiyo, halafu wewe unamaliza kazi hujavua hata helmeti.

Kituko kingine, dogo mmoja pale ana akili zake akakata kipande cha ngozi mwenyewe, wakubwa wakakichukua wakakitia kwenye FOMALINI, ile dawa ya kuhifadhia maiti. Jamani fomalini inaivuruga DNA, weka kwenye spiriti kali au tupa kwenye friza, hata chumvi ina nafuu.

Na haya yanafanyika kusini, sisi ambao silikanti, wale samaki wa kale waliodhaniwa wametoweka, walianza kunaswa hapo Kilwa 2003, samaki ambaye mwenzie wa Indonesia alitambulika ni spishi nyingine kwa hiyo hiyo DNA. Au silikanti alikuwa wa wageni kuja kupiga picha tu?

Samaki keshakatwa, kauzwa, watu wamekula. Mama lishe yeyote wa Msimbati au Mtwara mjini ambaye bado ana kipande kwenye friza, tafadhali dada usikikaange, nikatie kiasi cha ukucha tu, nakulipa bei ya kilo nzima. Na mwenye picha ya ukingo wa nyuma aitupie hapa, zile za kichwa mmemkanyaga na mguu kaeni nazo wenyewe.