JAMAA KAPITISHA SAHANI YA RAMBIRAMBI KWA AJILI YA SILINDA ZANGU NNE, MBELE YA MAMA MKWE!!!

Mzee wa Pikapu

Wakuu habari za usiku. Nina hasira hapa hata usingizi hauji. Wana Dallas wote mnamjua huyu bwana, sina haja ya kumtaja, yule ambaye hakuna shughuli anayokosa na hakuna maiki aliyowahi kuiona akaiacha salama. Leo kwenye sendofu pale Irving kanifanyia kitu ambacho hata adui angefikiria mara mbili.

Mchana nilimpa lifti tukachukue viti. Gari yangu, mafuta yangu. Tuko haiwei, mguu umetulia, maili 65, kwenye dashibodi ikaandika V4 kama inavyoandikaga siku zote, tulipoanza kupanda daraja ikarudi V8. Jamaa akauliza hii nini? Nikamweleza kwa roho safi kabisa, hii Silverado ya 2014, injini 5.3, usipoikamua inalaza silinda nne, ya 1, ya 4, ya 6 na ya 7, inabana mafuta, ukikanyaga tu zote nane zinaamka hata hujui zimeamka saa ngapi. Akawa anaitikia ahaa, ahaa. Kumbe anaweka akiba!

Jioni emsii kaweka maiki mezani anywe maji, jamaa kainyakua. "Ndugu wapendwa samahani kwa kuwakatiza, tumepata msiba. Mwenye pikapu nyeusi hapo nje amefiwa na silinda nne kwa mpigo. Tumshike mkono." Ukumbi uliangua kicheko nadhani mpaka Oklahoma walisikia. Ningevumilia ingeishia hapo. Akachukua SAHANI wakuu. Sahani ya udongo, bado ina mfupa wa kuku pembeni, akaipitisha meza kwa meza na watu wazima na akili zao wanatupia dola.

Ikafika meza ya ukweni. Mama mkwe akafungua pochi, akatafuta, akatoa noti ya dola moja imekunjwa mara nne, akaikunjua, akailaza kwenye sahani, akanigeukia. "Pole baba."

POLE BABA!!! Hakuwa anacheka! Yule mama anaamini kabisa nina msiba kwenye injini!

Na huyo mcheshi wenu anaendesha nini? Ford F-150 ya 2015, injini ya EcoBoost 3.5, tabo mbili za kusukumia hewa. Kasomeni namba za EPA, wale wa serikali ya Marekani wanaotoa namba za ulaji wa mafuta, za kuvuta magurudumu mawili kama zetu sote: yake maili 17 kwa galoni mjini, 24 haiwei, wastani 20. Yangu 16, 23, wastani 19. MAILI MOJA! Ukitembea maili 15,000 kwa mwaka tofauti yetu haifiki galoni 40, tangi langu la galoni 26 hata mara mbili halijai. Kwa hiyo ndo mama mkwe afungue pochi? Afunge trela yake tuone hizo tabo zitakunywaje, galoni zitamtoka mpaka aombe yeye sahani.

Silinda HAZIJAFA. Zinalala, zinaamka. Pole baba kweli jamani? Mimi?

Kiboko wa Garland
Mkuu pole kwa msiba. Mazishi lini?

BintiMoro
Nimecheka mtoto kaamka 😂😂 Swali moja, sahani ilipata ngapi na hela anayo nani?

Mzee wa Pikapu
KAONDOKA NAYO!! Na ile dola ya mama mkwe iko humohumo!

Kiboko wa Garland
Basi huyo kafiwa yeye.

Fundi Vumbi
Utani pembeni kidogo, mimi hizi injini nazifungua kila wiki. Kwenye hizo silinda nne tapeti zake, zile zinazosukumwa na kamshafti ili valvu zifunguke, zina kipini ndani. Kompyuta ikiona mzigo mwepesi inafungulia oili, presha inasukuma kipini, tapeti inajikunja, kamshafti inazunguka ila valvu hazifunguki, na nozeli haimwagi mafuta. Gesi iliyonaswa mle inabanwa inarudisha nguvu, inabanwa inarudisha, haipotei bure. Nne zinazobaki zinabeba mzigo wote, kwa hiyo mlango wa hewa inabidi ufunguke zaidi na injini inavuta pumzi bila kuhangaika, kubana mafuta kunatokea hapo. Ukivuta trela au kupanda mlima husevu kitu maana zote nane zinafanya kazi. Ila mleta mada usipuuzie oili. Kipini kikigoma tapeti inakwangua kamshafti, hapo hiyo sahani utaipitisha mwenyewe. Mwaka 2021 chipu za kompyuta zilipoadimika duniani GM, wanaotengeneza Silverado, walitoa baadhi ya hizo 5.3 bila mfumo huu, wakasema zitapoteza kama maili moja kwa galoni. Faida yake ndo hiyo, maili moja.

Mzee wa Pikapu
Asante fundi. Ila ungekuwepo uone alivyoikunjua ile noti. Taratibu. Kwa huruma.

HemiTupu
Mbona hata Ram yenye Hemi 5.7 inalaza nne na hatujawahi kuwekewa matanga? Tena mwambieni huyo jamaa F-150 zenyewe, ile V8 ya 5.0 kuanzia 2021 nayo inalaza silinda. Na Silverado kuanzia 2019 kuna zinazoweza kulaza yoyote kati ya zote nane, zinajipanga kwa namna 17.

Mzee wa Pikapu
FORD YENYEWE!! Nimepiga picha hii komenti, Jumapili naisoma kanisani kwenye matangazo.

IST Ndogo
Nipo Dar nimepiga hesabu, maili 19 kwa galoni ni kama kilomita 8 kwa lita?? Na mnatambiana? Huku gari ya km 8 kwa lita mtu anaipaki anasema iko gereji.

Dizeli Baba
Nyie wa petroli mnagombania makombo. Silverado ya dizeli 3.0 ya 2020 ni 23 mjini na 33 haiwei. Silinda sita, zote macho.

HemiTupu
Na ule mkojo wa kuongezea kwenye tangi lake dogo, ile dawa ya urea ya kusafishia moshi, unanunuliwa na nani?

Dizeli Baba
Nanunua mimi, ulikuombea hela?

MamaWawili
Samahani naona mnaongelea sendofu ya Irving, mimi nina langu moyoni. Nimetoa mchango dola 150, meza yetu tumeitwa mwisho, tumekuta pilau limebaki ukoko. Ukoko jamani! Na kuna watu niliwaona na macho yangu wanafunga foili tatu tatu.

BintiMoro
Heee na nyie? Sisi tulidhani ni meza yetu peke yake. Kachumbari ndo tuliyokula.

Mzee wa Pikapu
Wakuu turudi kwenye mada, kuna mtu ana namba ya huyu jamaa? Hapokei.

Kiboko wa Garland
Subiri kwanza mkuu. MamaWawili, foili zilikuwa za meza gani? Maana mweka hazina alitangaza mbuzi wawili na mimi sikuona hata supu.

MamaWawili
Za karibu na jukwaa. Na kuna kuku mzima aliingia kwenye mkoba, naapa.

Kamati Mjumbe
Jamani tusichafuane humu. Chakula kiliagizwa cha watu 200, waliokuja ni zaidi, wengine hata kadi hawakuwa nazo.

BintiMoro
Mjumbe, mbuzi walikuwa wangapi?

MamaWawili
Jibu la mbuzi kwanza, habari za kadi baadaye.