Kuhamishia vyakula vya stoo kwenye makopo yanayofanana: kuna faida, au tunalipia sura?

Bi_Kigamboni ameuliza:

Ndugu zangu, hamjambo. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa fedha. Siku hizi kila nikishika simu nakutana na majiko ambayo stoo zake zimejaa makopo angavu ya kimo kimoja na mfuniko wa aina moja, mchele huku, tambi kule, kila kopo na kibandiko chake. Mtindo huu, ambao kwa ninavyoelewa ulivumishwa sana na wapangaji wa nyumba wa Marekani kama kampuni ya The Home Edit ya Nashville, sasa umefika hadi Kariakoo, na wifi yangu amekwisha kununua seti nzima na kunishauri nifanye hivyo hivyo.

Hali ya jikoni kwangu ni hii. Naishi karibu na bahari, kwa hiyo chumvi huloa na sukari hushikana mabonge, hasa wakati wa masika. Mchele naletewa kutoka Kyela kwa gunia, tunagawana na ndugu. Sembe na dona napimiwa mashineni. Maharage, choroko na karanga nanunua sokoni kwa kilo. Tambi, unga wa ngano, majani ya chai na maziwa ya unga natoa dukani vikiwa kwenye pakiti na makopo yake. Stoo yenyewe ni kabati la milango miwili tu. Je, chakula kikihamishwa hudumu zaidi? Na kama kuna faida, ni vyakula gani vihamishwe na vipi viachwe vilivyo?

Mpanga_Stoo amejibu:

Dada, kazi yangu ni kupanga nyumba za watu hapa Dar es Salaam, na ungetarajia nikuhimize ununue. Sitafanya hivyo, walau si kwa seti nzima.

Vitenganishe kwanza vyakula vyako katika mafungu mawili: vilivyofungashwa kiwandani na vilivyopimwa mbele yako. Kwa wenzetu wa Marekani karibu kila kitu kinaingia nyumbani kikiwa ndani ya boksi au pakiti, kwa hiyo kukihamisha ni kazi ya ziada ambayo mtu anaifanya kwa kupenda. Sisi mchele, maharage na unga tunaununua ukiwa wazi, na tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku Tanzania mwezi Juni 2019, mara nyingi unga wa kupima unafika nyumbani ndani ya mfuko wa karatasi au kikapu. Bibi zetu walikuwa na debe lenye mfuniko kwa sababu hiyo hiyo. Fungu hili la pili lazima lipate chombo, na hapo hakuna cha kujadili. Fungu la kwanza, kwa maoni yangu, liache. Pakiti ya tambi iliyofunguliwa ikikunjwa vizuri na kubanwa kwa kibanio cha nguo inatosha kabisa.

Ukienda kununua, usiangalie kopo, angalia mfuniko. Makopo mengi yanayopendeza kwenye picha yana mfuniko wa mianzi wenye pete nyembamba ya mpira. Kwenye hewa ya pwani mianzi hunyonya unyevu, huvimba au kupinda, pete ikaachia upande mmoja, na baada ya muda utaona madoa meusi ya ukungu kwa ndani. Chagua mfuniko wenye vibanio pande zote au wa kusokota, na ukiruhusiwa pale dukani, tia maji, funga, kisha ligeuze kichwa chini. Likivuja, hewa yenye unyevu nayo itapita, na sukari yako itashikana mabonge kama ilivyokuwa kwenye mfuko. Makopo ya mraba yanakaa vizuri zaidi kwenye kabati dogo kuliko ya duara. Hayo mengine ni mapambo, na mapambo si dhambi, ila yasikugharimu fedha ya chakula chenyewe.

Mzee_wa_Ghalani amejibu:

Mwanangu, nimefanya kazi ya ugani Morogoro hadi kustaafu, na jambo linalonisumbua katika mtindo huu ni imani kwamba kopo zuri huzuia wadudu. Huzuia wanaotoka nje. Fukusi wa mchele na mahindi kwa kawaida huja nyumbani wakiwa tayari ndani ya punje: jike hutoboa tundu dogo, hutaga yai humo, kisha huliziba tundu lenyewe kwa ute, hivyo ukiuchekecha mchele na kuupembua utauona msafi kabisa. Katika joto letu, fukusi mzima hujitokeza baada ya takribani mwezi mmoja, na hapo ndipo watu husema kwamba kopo limezalisha wadudu. Kama una friza, weka mchele au maharage humo kwa siku nne mfululizo kabla ya kuyatia kwenye chombo. Baridi kali itaua hata mayai. Utoapo, usifungue mfuko mpaka urudi kwenye joto la kawaida, la sivyo matone ya maji yatajikusanya juu ya punje. Kama huna friza, anika vizuri, tumia chombo kisichopitisha hewa kabisa na ukijaze hadi juu, kwa maana wadudu waliomo hutumia hewa iliyopo na kuishiwa. Kanuni hiyo ndiyo inayofanya mifuko ya PICS, ile ya kuhifadhia nafaka yenye tabaka tatu, ifanye kazi kwa wakulima bila dawa yoyote. Chombo kilichojazwa nusu kina hewa ya kutosha kuwalisha wadudu kwa muda mrefu, ndiyo maana ndoo kubwa yenye mchele kidogo chini yake ni chaguo baya.

Jambo la pili ni zito zaidi. Chombo kisichopitisha hewa hakikaushi chakula. Huufungia unyevu uliomo. Ukitia humo karanga au mahindi ambayo hayajakauka sawasawa, utakuwa umeipa kuvu nafasi ya kustawi, na kuvu hiyo ndiyo inayotoa sumukuvu, sumu ambayo kuipika hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na Kenya mwaka 2004 iliua watu 125, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Nafaka iwe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kipimo cha mashine huna, lakini kuna jaribio ambalo tulikuwa tukiwafundisha wakulima: chukua chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, tia chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, ongeza nafaka mpaka chupa ifike kama robo yake, funga na utikise kwa dakika moja, kisha iache itulie kwa dakika kumi na tano. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, nafaka ina unyevu wa zaidi ya asilimia 15, nayo irudi juani. Isiponata, unyevu uko chini ya hapo, na mimi bado huongeza siku moja ya jua kwa usalama. Wewe uliye pwani uhakikishe chumvi yenyewe imekaushwa kwanza, vinginevyo jaribio litakudanganya.

Na dona usiiweke muda mrefu katika chombo chochote kile. Ina kiini cha punje, kiini kina mafuta, na mafuta huchacha. Saga kidogo kidogo.

Mkaazi_wa_Likoni amejibu:

Nakubaliana na mzee. Mimi niko Mombasa, ambako unga wa mahindi wengi wetu tunaununua kwa pakiti za kilo mbili, na nina sababu moja ya kutoutoa unga kwenye pakiti yake. Mwezi Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha uuzaji wa aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya kiwango cha sumukuvu. Aliyekuwa na pakiti yake kabatini alisoma jina na kujua la kufanya. Aliyekuwa ameumimina wote kwenye kopo la kupendeza na kutupa pakiti, alibaki na unga mweupe usio na jina. Kwa hiyo, dadangu, hata ukiamua kuhamisha, kata kipande cha pakiti chenye jina, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya bechi, ukibandike nyuma ya kopo au ukitie katikati ya kopo na pakiti kama unaiingiza pakiti nzima ndani, jambo ambalo mimi ndilo ninalolifanya.

Maziwa ya unga ya mtoto mchanga yasihamishwe kamwe. Kopo lake lina kijiko chake, kipimo chake na maelekezo yake, na makosa hapo humdhuru mtoto. Chumvi yenye madini joto iwe kwenye chombo kisichopitisha mwanga wala unyevu, kwa sababu madini hayo hupotea taratibu ikiwekwa wazi; kopo la kioo angavu juu ya jiko ni mahali pabaya kwake, na kwa bizari na iliki vilevile.

Mama_Watatu amejibu:

Naona mnamvunja moyo mwenzetu. Faida moja hamjaitaja: kuona. Tangu niweke mchele, sukari na maharage kwenye vyombo angavu, sinunui tena kitu ambacho tayari ninacho, na watoto wanajua wenyewe kwamba sukari imefika mwisho bila kupekua mifuko. Mama mkwe wangu, ambaye macho yake yamefifia, anatofautisha vyombo kwa ukubwa. Hilo kwangu lina thamani, hata kama mfuniko si wa daraja la juu.

Mpanga_Stoo amejibu:

Ni kweli, na ndiyo maana sikusema asinunue kabisa. Lakini chombo angavu kimoja kwa kila chakula cha kupima kinatoa faida hiyo yote. Hakuna haja ya tambi nazo kuvikwa nguo mpya.

Bi_Kigamboni ameuliza tena:

Nawashukuru sana. Basi nitanunua vyombo vya mchele, sukari na jamii ya kunde tu. Mambo mawili yamebaki. Kuna jirani anauza ndoo za lita ishirini zilizokuwa na rangi ya nyumba, zimeoshwa na ni bei poa. Zinafaa kwa mchele? Na je, mchele mpya ukija, naweza kuumwaga juu ya uliobaki?

Mzee_wa_Ghalani amejibu:

Ndoo za rangi hapana, hata zikioshwa mara ngapi, kwa kuwa plastiki hunyonya kilichokuwamo. Tafuta zilizokuwa na mafuta ya kula au zilizotengenezwa kwa ajili ya chakula. Chini yake kuna pembetatu yenye namba, na 2 au 5 ndizo zinazotumika sana kwa vyombo vya chakula, ingawa namba peke yake haikuambii ndoo ilibeba nini kabla yako. Kuhusu swali la pili, usimwage mpya juu ya wa zamani. Fukusi wachache waliobaki chini watahamia kwenye mpya, na ule wa chini utazeeka bila kuliwa. Mimina uliobaki kwenye sufuria uuanze huo, osha ndoo kwa sabuni, usisahau mfereji wa mfuniko ambamo vumbi la unga hujificha pamoja na mayai, ianike juani mpaka ikauke kabisa, ndipo utie mchele wa Kyela.

Bi_Kigamboni amejibu:

Nimeelewa, mzee wangu. Jirani nimemwambia asiniwekee.