Kampuni ya safari za baiskeli kando ya mto Danube ilitutelekeza njiani, na sasa inakataa kurudisha fedha zetu

Ndugu wanajukwaa, naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo haya, kwa sababu ninaandika nikiwa na hasira na sitaki hasira hiyo inifanye niseme jambo ambalo sina ushahidi nalo. Kampuni ninayoilalamikia ina ofisi Austria na inauza safari za baiskeli kando ya Danube, kuanzia Passau, karibu na mpaka wa Ujerumani na Austria, hadi Vienna. Jina lake silitaji kwa kuwa madai yetu bado yako mezani kwao. Bei tuliyolipa ilijumuisha baiskeli mbili, vyumba vya kulala katika kila kituo, na gari la kuhamisha mizigo yetu kutoka hoteli moja hadi nyingine wakati sisi tukiwa barabarani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotekelezwa kama tulivyoahidiwa.

Mtu anaweza kuuliza tulihitaji kampuni ya nini, ilhali njia ile ni ya umma, ina vibao mwanzo hadi mwisho, na Wazungu wengi huifuata wakiwa na hema na ramani tu. Mimi ninaishi Ujerumani, lakini rafiki yangu niliyesafiri naye ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mkoani Shinyanga. Ili apate viza ya Schengen alipaswa kuonyesha mahali atakapolala na mpango wa safari yake, na ada ya maombi, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90, hairudishwi hata maombi yakikataliwa. Mwenye pasipoti ya Tanzania hawezi kwenda ubalozini na kusema atalala popote giza litakapomkuta. Kampuni ililijua hilo vizuri, maana ndiyo iliyotuandikia barua ya uthibitisho iliyoambatanishwa kwenye maombi yake.

Matatizo yalianza Passau kwenyewe, pale mito ya Inn na Ilz inapoingia Danube. Miezi kabla ya safari tulijaza fomu iliyotutaka tutaje urefu wetu, tukaijaza kwa usahihi. Rafiki yangu ni mfupi, na bado alikabidhiwa baiskeli yenye fremu kubwa kiasi kwamba, hata kiti kiliposhushwa hadi mwisho, pedali ikifika chini mguu wake ulikuwa hauifikii. Raba za breki zilikuwa zimekwisha, na tairi la nyuma lilikuwa na nyufa ubavuni. Nilipolalamika, mhudumu alijibu kwamba hakuna baiskeli nyingine, kisha akamgeukia mwenzangu na kumuuliza kama amewahi kuendesha baiskeli yenye gia. Huyu ni mtu aliyekulia Shinyanga, ambako baiskeli hubeba magunia, madumu ya maji na abiria, na ameendesha baiskeli tangu akiwa mtoto asiyefikia kiti. Swali lile liliulizwa ili kosa la kampuni lionekane kuwa ni upungufu wake, na jambo hilo linaniuma kuliko fedha.

Ukiteremka na mto kutoka Passau, bonde hubanwa na vilima vyenye misitu inayoshuka hadi majini, na hapo Schlögen mto hujikunja kana kwamba unataka kurudi ulikotoka. Kwenye sehemu hiyo njia ya ukingo wa kaskazini hukatika, ikabidi mwendesha baiskeli avushwe kwa kivuko kidogo. Ni mahali pazuri mno, na nalisema hilo kwa moyo mmoja. Lakini pia ni mahali ambapo chombo kikikuharibikia huna fundi wa kumkimbilia, na ndiyo maana baiskeli mbovu haipaswi kutolewa Passau hata kidogo. Mvua ilitukuta huko. Raba za breki zilizokwisha zikilowa hazishiki rimu kabisa, kwa hiyo kila penye mteremko mwenzangu alishuka na kusukuma. Tulipiga namba ya dharura tuliyopewa, ambayo kwenye karatasi zao imeandikwa kwamba inapokelewa wakati wote, tukasikia sauti iliyorekodiwa ikitutajia saa za kazi kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Ilikuwa Jumamosi.

Tulifika Linz tumelowa chapachapa, na mizigo haikuwepo. Nguo zote kavu zilikuwa bado Passau kwa sababu dereva hakwenda kuichukua, na mapokezi ya hoteli hayakuwa na taarifa yoyote. Mizigo ililetwa kesho yake mchana, Jumapili, siku ambayo maduka ya Austria hufungwa, yakiwemo ya mafundi baiskeli. Kwa hiyo tuliondoka tukiwa tumechelewa na breki zikiwa vilevile.

Naomba nieleze gharama ya uchelewaji huo, kwa sababu kampuni imeuita usumbufu mdogo. Chini kidogo ya Linz upo mji wa Mauthausen, na juu ya kilima chake ipo kambi ya mateso iliyojengwa na Wanazi mwaka 1938, ambako wafungwa walipasua mawe ya matale na kuyapandisha mgongoni kwa ngazi 186. Kati ya watu wapatao 190,000 waliofungwa hapo na katika matawi yake, si chini ya 90,000 walikufa kabla Wamarekani hawajaikomboa Mei 1945. Mwenzangu amekuwa akifundisha habari za vita hivyo kwa ramani za vitabuni, na kati ya mambo yote ya safari hii, kuiona kambi hiyo ndilo jambo alilolitaja kwanza tulipoanza kupanga. Tulifika chini ya kilima jioni, na hata kama muda ungetosha, kushuka mteremko ule kwa baiskeli isiyo na breki ni kujitafutia kifo. Alisimama akatazama juu, kisha akaniambia tuendelee. Hakuna fidia itakayompa nafasi ile tena kwa urahisi, na anayeita jambo hili usumbufu mdogo hajui mtu huyu alijinyima nini hadi akafika pale.

Chumba chetu katika mji wa Grein, kituo kilichofuata, nacho kilibadilishwa bila kutuuliza, tukapelekwa kwenye nyumba ya wageni iliyo mlimani mbali na mto. Jumatatu tulipata fundi mwungwana aliyebadilisha raba za breki na tairi la nyuma, tukamlipa kutoka mifukoni mwetu na kuchukua risiti. Bonde la Wachau, kati ya Melk na Krems, ambalo UNESCO imeliweka kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, tulilipita mbiombio ili kufidia muda uliopotea.

Vienna walikata sehemu ya amana yetu kwa madai ya uharibifu wa tairi, yaani tairi lilelile bovu tulilolibadilisha kwa fedha zetu. Nilipowaandikia, walijibu kwamba baiskeli ni mali ya kampuni nyingine, usafirishaji wa mizigo ni wa mtu mwingine, na hoteli zinajitegemea, hivyo wao hawahusiki na lolote. Huo si ukweli. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2015/2302 kuhusu safari za vifurushi, yaani safari zinazouzwa pamoja na huduma zake kama kitu kimoja, linalotumika tangu Julai 2018, linasema wazi kwamba aliyekiandaa kifurushi kizima cha safari ndiye anayewajibika kwa kila huduma iliyomo, hata kama imetolewa na mtu mwingine. Linasema pia kwamba asiporekebisha kasoro ndani ya muda unaofaa, msafiri anaweza kuirekebisha mwenyewe na kudai arudishiwe gharama. Hakuna kipengele cha mkataba kinachoweza kumwondolea msafiri haki hizo. Sisi tulitoa taarifa siku ileile tulipokabidhiwa baiskeli, tena kwa maandishi na picha.

Tunachodai ni gharama za fundi, amana yetu yote, punguzo la bei kwa huduma zilizokosekana, na barua ya kumwomba radhi mwalimu huyu kwa jina lake. Kwa kuwa mimi ni mkazi wa Ujerumani na kampuni iko Austria, ninaandaa faili la kupeleka kwenye Kituo cha Wateja cha Ulaya kilichopo Ujerumani, ambacho hushughulikia migogoro ya namna hii bila malipo. Kama yupo miongoni mwenu aliyewahi kupitia kituo hicho, au aliyewahi kudai fidia kwa mujibu wa agizo hilo akiwa na msafiri mwenzake anayeishi nje ya Ulaya, naomba aeleze hapa alianzaje na ni nyaraka zipi walizomtaka awasilishe.